Kumsaka Ndege kwa Sikio

Anayekwenda Mikumi kwa barabara akitokea Dar es Salaam huiacha Milima ya Uluguru mkono wa kushoto, na mara nyingi hasimami. Haishangazi. Mikumi tembo anaonekana mtu akiwa bado ndani ya gari. Huku juu ya mji wa Morogoro, katika Hifadhi ya Mazingira Asilia Uluguru, mawingu hushuka mpaka kwenye vigogo, majani hudondosha maji hata siku isiyo na mvua, na ndege anayetafutwa kuliko wote hukaa kwenye vilele vya miti ambako jicho halifiki. Hata hivyo nashikilia kwamba kuangalia ndege katika msitu wa namna hii ni ufundi unaostahili heshima kubwa kuliko inayopewa, na heshima hiyo inatokana na ugumu huohuo. Ukungu humnyima mwangaliaji jicho alilozoea kulitegemea, humwachia sikio, kisha humtaka awe mkweli kuhusu alichokisikia.

Ushahidi wangu wa kwanza ni mbwigu wa Uluguru, ambaye kwa jina la kisayansi ni Malaconotus alius. Ana utosi mweusi, mgongo wa kijani na kifua cha manjano, na haishi mahali pengine popote duniani. Alipatikana mwaka 1926 katika msafara wa Arthur Loveridge, akaelezwa kitaalamu mwaka 1927, enzi ambazo kumjua ndege kulimaanisha kumpiga risasi, kumchuna na kumsafirisha hadi makumbusho ya ng'ambo. Ngozi ile ilithibitisha kuwa ndege huyu yupo. Haikuweza kusema wako wangapi, wala kama wanapungua, na kwa miongo mingi iliyofuata alionekana kwa nadra mno. Jibu lilipatikana kuelekea mwaka 2000, watafiti walipopanda mlimani wakiwa wanaujua mluzi wake na kuwahesabu kwa sauti. Walikadiria yapata jozi 1,200 katika Uluguru Kaskazini. Ni makadirio, sawa, lakini ni makadirio yaliyopatikana bila kumtoa hata ndege mmoja msituni, na yalipatikana kwa sababu kulikuwa na watu waliojifunza kusikiliza.

Ufundi wenyewe unajionyesha vizuri zaidi chini, kwenye vichaka. Humo anaishi kidege mwenye kichwa na kifua cha rangi ya kutu ambaye Reginald Moreau, mtafiti aliyefanya kazi Amani katika Usambara, alimpa jina la mkewe Winifred mwaka 1938. Dume na jike huimba pamoja, huyu akiingia pale mwenzake anapoachia, pasipo mwanya wa kusikika. Sikio geni litaandika ndege mmoja. Sikio lililozoea litasubiri wimbo uanze upya, litang'amua kwamba sauti zinatoka pande mbili za kichaka kilekile, ndipo litaandika wawili. Kati ya hesabu hizo mbili kuna miaka ya mazoezi. Na kazi haiishii kwenye kutambua: mwangaliaji makini huandika saa, mwinuko, hali ya hewa na muda aliokaa, asipomwona ndege huandika "sauti tu", na asubuhi aliyotoka patupu huiandika vilevile. Asubuhi hizo tupu, zikikusanywa kwa miaka, ndizo zinazoonyesha kwamba ndege ametoweka kwenye bonde fulani. Mwindaji haleti nyumbani mnyama aliyemkosa. Mwangaliaji huleta, na hapo ndipo ninapompenda.

Wapo wanaosema kwamba haya ni mapumziko ya wazungu wenye darubini za bei mbaya. Kuhusu bei wana haki. Darubini nzuri haiko ndani ya uwezo wa mkulima wa Kinole wala wa mwalimu wa Tegetero, na vitabu vingi vya ndege vimeandikwa kwa Kiingereza. Lakini katika msitu wa ukungu chombo kikuu ni sikio, na sikio halina bei. Waluguru wamelima pembezoni mwa msitu huu vizazi kwa vizazi; mtu anayekwenda shambani alfajiri kila siku anazifahamu sauti ambazo mgeni hukata tiketi ya ndege kuja kuzitafuta. Kinachokosekana ni desturi ya kuandika, na mtu wa kukithamini kilichoandikwa. Sioni kwa nini kila shule iliyo karibu na msitu isiwe na daftari lake la ndege, hasa ikiwa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo kiko palepale chini ya mlima.

Hoja nzito zaidi ni ya ardhi. Ndege hajazi chungu, na watu wa Uluguru wanajua uhifadhi wa amri ulivyo: mwaka 1955 serikali ya kikoloni ilipowalazimisha kuchimba matuta, ghasia zilizuka Matombo, na mpango ule ukaachwa. Wakati huohuo msitu nao umepungua, kutoka takriban kilomita za mraba 300 mwaka 1955 hadi 230 hivi mwaka 2001, na miti iliyokatwa zaidi ni ile ya miteremko ya chini. Siamini kwamba mwangalia ndege ana haki ya kumwambia mwenye njaa asilime. Ninachosema ni kwamba ushahidi uliokusanywa na mwanakijiji mwenyewe ni mali yake. Anaweza kuupeleka mkutanoni, anaweza kumpinga nao ofisa, na anaweza kumkumbusha mnywaji wa maji ya Ruvu aliyeko Dar es Salaam kwamba msitu wa mbwigu ndio huohuo unaoulisha mto, na kwamba anayeutunza anadai ujira wake.

Siku hizi kuna vinasa sauti vinavyofungwa mtini usiku kucha na programu za simu zinazotaja jina la ndege. Navikaribisha. Ila programu hujifunza kutokana na sauti zilizorekodiwa, na kwa ndege adimu sauti hizo ni chache; lazima awepo mtu wa kuikosoa. Simu hiyohiyo ina ubaya ambao ni lazima niutaje: kumchezea ndege sauti ya mwenzake ili ajitokeze kupigwa picha. Dume huacha kula, huacha kiota, huja kupigana na adui asiyekuwepo. Anayefanya hivyo mara kwa mara hajajifunza kusubiri, na bila kusubiri hakuna ufundi.

Basi wewe uliye Morogoro, fuata utaratibu wa kuingia hifadhini, chukua mwongozaji wa hapohapo na umlipe vizuri, mpande hadi Morningside asubuhi na mapema mkiwa na daftari na kalamu. Anza na chozi wa Loveridge, ambaye naye ni wa Uluguru peke yake na si adimu pembezoni mwa msitu. Mfuatilie mpaka uweze kumtambua ukiwa umefumba macho, kisha andika tarehe, saa na mahali.