Chombo Kikubwa Kuliko Mji: Uhakiki wa Picha za Alfred Wallis

Mwanafunzi anapoanza kufundishwa kuchora, jambo la awali analoambiwa ni kwamba kitu kilicho mbali sharti kiwe kidogo, na kilicho karibu kiwe kikubwa. Kanuni hii ni ya kweli kwa jicho lililosimama mahali pamoja. Hata hivyo hatuoni kwamba imepata kuwa sheria ya sanaa yote ya kuchora, wala kwamba yule asiyeifuata ni lazima awe hajui anachokitenda. Tulipata kuona, katika shule moja ya sekondari ya pwani, daftari la mwanafunzi ambaye baba yake ni mvuvi. Alikuwa amechora jahazi kubwa kuliko nyumba zote za kijiji chao, na kijiji chenyewe amekichora kama mtu akionavyo akiwa juu ya mnazi. Chini yake mwalimu alikuwa ameandika kwa wino mwekundu kwamba vipimo si sahihi. Mtoto alipoulizwa alijibu, "Mwalimu, jahazi ndilo lenye kazi pale." Mwalimu yule hatukumlaumu, kwa kuwa ndivyo alivyofundishwa naye. Lakini jibu la mtoto lilitukumbusha picha za mzee mmoja wa Uingereza, baharia aliyeshika brashi akiwa na umri wa miaka 70 hivi, na tunadhani kwamba kwa kuzichunguza picha zake tunaweza kulipima vizuri zaidi daftari la mwanafunzi wetu.

Alfred Wallis alizaliwa mwaka 1855 katika mji wa Devonport, kusini-magharibi mwa Uingereza. Ujana wake aliutumia baharini, katika merikebu za matanga za biashara na katika mashua za uvuvi, na mwaka 1876 alivuka bahari ya Atlantiki hadi Newfoundland. Mwaka 1890 alihamia St Ives, mji mdogo wa wavuvi katika mkoa wa Cornwall, akafungua biashara ya kununua na kuuza vyuma chakavu, kamba na matanga makuukuu. Mke wake alifariki mwaka 1922. Alipobaki peke yake ndipo alipoanza kuchora, na mwenyewe alieleza kuwa alichora ili apate mwenzi nyumbani. Hakuwa na turubali wala rangi za wasanii. Alitumia vipande vya maboksi kutoka dukani, vingine vimekatwa upande, vingine vina pembe tano au sita, akavipaka rangi zile zile zinazopakwa mashua na milango.

Sasa tuitazame fani yake. Katika picha zake za bandari ya St Ives, ambazo alizirudia mara nyingi, ghuba huonekana kutoka juu, kama ramani. Gati limejipinda kama mkono unaokumbatia maji. Nyumba nazo hazionekani kutoka juu. Zimesimama kwa nyuso zao, milango na madirisha yakimtazama mtazamaji, na zile za ng'ambo ya pili huweza kulala ubavu kwa kufuata ukingo wa maji. Chombo kimechorwa kutoka ubavuni, chote kuanzia omo hadi tezi, na matanga yake yote yanahesabika. Mnara wa taa, ule mweupe wa kisiwa cha Godrevy, unasimama juu ya mwamba wake ukiwa mkubwa kuliko mtaa mzima. Mara nyingine samaki wanalingana na mashua inayowavua.

Mtu aliyesomea kuchora atasema hapa pana macho matatu katika picha moja, na atasema kweli. Lakini tujiulize macho hayo ni ya nani. Baharia anayeingia bandarini huijua ghuba kwa umbo lake, yaani mahali penye kina, mahali penye mwamba, na upande ambao gati limefunguka. Haya ni maarifa ya ramani, na hayapatikani kwa kusimama ufukoni. Chombo cha mwenzake hukijua kwa ubavu, kwa sababu ni ubavuni ndipo yanapoonekana matanga na milingoti ambayo kwayo hutambua chombo hicho ni cha aina gani na kinaelekea wapi. Nyumba huzijua kwa mlango. Na mnara wa taa katika usiku wa dhoruba ni mkubwa kuliko mji kwelikweli, maana mji hauonekani na mnara unaonekana. Basi kila kitu katika picha kimetazamwa kutoka upande ule ambao kazi imekifundisha, na ukubwa wake umepimwa kwa uzito wake katika safari. Hicho nacho ni kipimo, ingawa si kile cha rula.

Rangi zake ni chache: nyeusi, nyeupe, kijivu, kahawia na kijani, na buluu hapa na pale. Katika barua zake alieleza kwamba hakupenda kutia rangi zisizohusika, kwa vile aliona zinaiharibu picha. Sehemu nyingi ameacha boksi lenyewe lionekane, na boksi hilo likawa mchanga, au mwamba, au mwili wa mashua. Bahari yake ndiyo tunayoistaajabia zaidi. Wachoraji wengi waliosoma huipa bahari rangi ya mbingu, ikatulia kama kioo. Ya Wallis ni nzito. Brashi imevuta nyeupe na kijivu juu ya rangi nyingine kabla haijakauka, na mtu akiitazama anaona maji yenye nguvu ya kuvunja mbao. Aidha, pale boksi lilipokatwa upande, chombo kimelala kwa kufuata ukingo huo, kana kwamba upepo umekipiga. Wako watakaosema ni bahati tu. Sisi tunaona bahati ile ile inarudiwa mno, na kwa hiyo tunaihesabu kuwa ni uamuzi wa msanii.

Ama kuhusu maudhui, yatupasa kukumbuka jinsi mji wenyewe ulivyokuwa ukibadilika. Reli ilifika St Ives mwaka 1877, ikaleta watalii na wachoraji kutoka mijini. Uvuvi ulipodhoofika, dari ambazo mafundi walikuwa wakishonea matanga zilikodishwa zikawa vyumba vya wachoraji hao. Wallis, aliyekuwa akinunua matanga yaliyochoka, aliona kwa macho yake mwisho wa vyombo vile. Merikebu anazozichora, kwa sehemu kubwa, ni zile za ujana wake. Picha aliyoiita safari ya kwenda Labrador, yenye chombo kati ya milima ya barafu, ilichorwa katikati ya miaka ya 1930, karibu miaka 60 baada ya safari yake ya Atlantiki. Mwenyewe alisisitiza kwamba alichora mambo yaliyokuwapo na ambayo hayatarudi tena. Hivyo tukizitazama kama mapambo ya kufurahisha watalii tunazipunja. Tunazihesabu kuwa kumbukumbu za mfanyakazi juu ya kazi yake, zimeandikwa na mtu ambaye kuandika kwa herufi kulimpa taabu.

Mwezi Agosti mwaka 1928 wachoraji wawili vijana waliosoma, Ben Nicholson na Christopher Wood, walipita mbele ya nyumba yake, wakaona picha zimetundikwa ukutani kwa misumari. Kuanzia siku hiyo jina lake lilianza kusikika London. Walimpenda, na Wood mwenyewe alijifunza mengi kwake. Hata hivyo sifa waliyompa yeye na wenzake wa aina yake, kwamba ni wachoraji wasio na hila, wenye roho ya kitoto, inatutia shaka. Vijana wale walikuwa katika ugomvi na shule za sanaa za nchi yao, na mzee huyu aliwafaa kama shahidi. Lakini mtu anayejua kamba ipi inashikilia tanga lipi hana utoto wowote katika jambo hilo. Utoto, kama upo, uko kwa yule asiyeijua kamba hiyo na hali ameichora kwa kivuli kizuri.

Jambo hili si geni pwani yetu. Katika kuta za magofu ya Kilwa na Songo Mnara imo michoro ya vyombo iliyochongwa kwa ncha kali katika lipu ya chokaa. Mwaka 1964 Peter Garlake na Margaret Garlake walichapisha uchunguzi juu ya michoro ya namna hii katika pwani ya Afrika Mashariki. Humo hamna bahari wala upeo wa macho. Chombo kiko peke yake, kimeonekana kutoka ubavuni, na mkono uliokichonga umejali mlingoti, tanga na kamba. Wataalamu wa vyombo wameisoma michoro hiyo ili kujua merikebu za kale ziliundwaje, na mtu haisomi hivyo kazi ya asiyejua. Ni njia ile ile ya Wallis, miaka mamia kabla yake, na hakuna aliyemwiga mwenziwe.

Tusije tukaeleweka vibaya. Hatusemi kwamba kutofundishwa ni sifa, au kwamba kila picha ya Wallis ni njema. Alichora mamia, na zimo za haraka ambamo nyumba na miti ni alama tu zilizorudiwa bila kufikiriwa. Anapoiacha bahari na kuingia mashambani, mkono wake hulegea. Ubora wake umefungamana na ujuzi wake, na pale ujuzi unapokwisha, picha nayo inakwisha. Mwalimu anayetaka kumsaidia mwanafunzi wa jahazi angeanza kwa kumwuliza kamba ile imefungwa wapi. Akijibu sawasawa, basi kanuni ya umbali anaweza kufundishwa kesho kama chombo kimoja zaidi cha kazi.

Kuhusu malipo, habari ni chungu. Jim Ede, aliyekuwa mtumishi wa jumba la sanaa la Tate huko London, alikuwa akipelekewa na Wallis vifurushi vya picha kwa posta, akachagua alizozipenda na kulipa shilingi chache kwa kila moja. Zaidi ya 100 kati ya hizo zimo leo katika nyumba yake ya Kettle's Yard, mjini Cambridge. Hapa kwetu Edward Saidi Tingatinga naye alianza kuchora mwaka 1968 hivi, kwa rangi za baiskeli juu ya mbao nyepesi za dari, akiwauzia wapita njia wa Oysterbay kwa bei ndogo, hadi alipofariki mwaka 1972. Picha za watu hawa wawili sasa hununuliwa kwa fedha nyingi katika minada ya Ulaya. Bei hizo hazikumfikia hata mmoja wao.

Mwaka 1941 Wallis, akiwa hawezi tena kujitunza, alipelekwa katika nyumba ya maskini ya Madron. Huko marafiki walimpelekea madaftari na kalamu za rangi, naye akaendelea kuchora merikebu hadi alipofariki tarehe 29 Agosti, 1942. Marafiki hao hao walizuia asizikwe katika kaburi la mafukara. Kaburi lake liko St Ives, juu ya ufuko, nalo limefunikwa kwa vigae vilivyotengenezwa na Bernard Leach, mfinyanzi maarufu wa mji ule. Katika vigae hivyo mtu mdogo sana anaingia katika mlango wa mnara wa taa, na mnara umechorwa mkubwa kupita kiasi.