Askari Aliyeachwa na Wakati na Kitu Asichokijua: Kusoma Bunilizi za Kisayansi kutoka Nakivale na Mbarara

Ikisiri

Makala hii inachunguza taswira mbili za bunilizi za kisayansi: askari aliyetupwa nje ya wakati wake, na kifaa cha kigeni kinachopiganiwa na watu wasiojua kazi yake. Kazi tatu, yaani The Forever War ya Joe Haldeman (1974), Walenisi ya Katama Mkangi (1995) na Kinjekitile ya Ebrahim Hussein (1969), zinasomwa kwa kuzingatia historia ya mji wa Mbarara na makazi ya wakimbizi ya Nakivale. Makala inadai kwamba taswira hizo si za kuazima katika Kiswahili, na kwamba zinapata nguvu pale tu zinapounganishwa: askari hupoteza wakati wake kwa sababu amefichwa maana ya kitu anachokipigania. Mwisho, makala inaonyesha umuhimu wa hoja hii kwa ufundishaji wa Kiswahili nchini Uganda.

Utangulizi

Wapo wahakiki wanaozitazama bunilizi za kisayansi katika Kiswahili kama vazi la kuazima, na wahenga walishatuonya kwamba nguo ya kuazima haisitiri matako. Hoja yao inaeleweka. Vyombo vya angani, viumbe wa sayari nyingine na mashine za kusafiria wakati havikuzaliwa katika viwanda vyetu. Hata hivyo, hoja hiyo inakitazama chombo na kumsahau anayekitumia. Swali la makala hii si nani aliyetengeneza chombo, bali nani anayekufa kwa ajili yake bila kujua ni cha nini.

Darko Suvin, katika kitabu chake cha mwaka 1979 kuhusu nadharia ya utanzu huu, alieleza kwamba bunilizi za kisayansi hufanya kazi kwa kukigeuza kilichozoeleka kuwa kigeni, kisha kumlazimisha msomaji atumie akili kuupima ugeni huo. Tunaukubali msingi huu, lakini tunauuliza: kilichozoelewa na nani? Msomaji aliyetulia kwao huhitaji sayari ya mbali ili ahisi ugeni. Msomaji aliyefika Nakivale usiku akitokea Kivu Kaskazini hauhitaji. Kwake kazi ya fasihi hufuata njia ya kinyume, kwa kuwa ugeni anao tayari na anachotafuta ni mantiki yake. Hoja zinazofuata ni za usomaji wa matini na historia, si za mahojiano.

Mbarara: lugha iliyofika na bunduki

Historia ya Mbarara katika miaka ya 1970 ni historia ya kambi ya jeshi. Katikati ya mwaka 1971, miezi michache baada ya Idi Amin kutwaa madaraka, wanajeshi wengi wenye asili ya Acholi na Lango waliuawa katika kambi ya Kikosi cha Simba. Septemba 1972, Waganda waliokuwa uhamishoni Tanzania waliushambulia mji huo wakashindwa. Februari 1979, Jeshi la Wananchi wa Tanzania liliuteka mji wakati wa Vita vya Kagera, na majengo mengi yakabomolewa.

Wanajeshi wa Tanzania walijiita wakombozi, na kinywani mwa Waganda neno hilo likawa bakombozi. Makombora yao ya kurushwa kwa mfululizo yakabandikwa jina la Saba Saba. Kabla ya hapo, neno serikali lilikuwa limeshaingia katika Kiganda kwa sura ya omuserikale, yaani polisi au mwanajeshi. Jina la taasisi ya utawala likawa jina la mtu mwenye silaha. Mabadiliko haya ya maana yanatoa ushahidi mzito kuliko hotuba nyingi kuhusu namna Kiswahili kilivyofika masikioni mwa raia.

Kwa hiyo, askari aliyeachwa na wakati si mhusika mpya Mbarara. Ni taswira inayomkalia mtu kichwani kila anaposikia Kiswahili. Vita vilikwisha mwaka 1979, lakini katika kumbukumbu ya wengi msemaji wa Kiswahili bado amesimama kwenye kizuizi cha barabarani akidai kitambulisho. Lugha yenyewe imegandishwa katika wakati wa vita.

Nakivale: wakati usiokwenda

Kiasi cha kilomita 60 kutoka Mbarara, katika wilaya ya Isingiro, yapo makazi ya Nakivale. Yalianza kupokea Watutsi wa Rwanda mwishoni mwa miaka ya 1950, yakatambuliwa rasmi mwaka 1960. Leo yana zaidi ya watu laki moja kutoka Kongo, Burundi, Somalia, Rwanda, Ethiopia, Eritrea na kwingineko. Sheria ya Wakimbizi ya Uganda ya mwaka 2006 inatambua haki ya mkimbizi kufanya kazi na kusafiri nchini, na wengi hupewa kipande cha ardhi. Sera hii imesifiwa, na inastahili sifa. Lakini hakuna sheria inayogawa wakati. Anayesubiri uamuzi wa maombi yake au nafasi ya kuhamishiwa nchi ya tatu huishi katika kalenda isiyo na tarehe ya mwisho.

Historia ya eneo hili inaonyesha pia jinsi kusubiri kunavyozaa askari. Tarehe 1 Oktoba 1990, wanajeshi wenye asili ya Rwanda waliokuwa katika jeshi la Uganda walivuka mpaka kupitia Kagitumba. Miongoni mwao walikuwamo wengi waliolelewa katika makazi ya wakimbizi ya Uganda. Walikwenda kuipigania nchi ambayo baadhi yao waliondoka wakiwa wamebebwa mgongoni, na wengine hawakuwahi kuiona kabisa. Rwanda waliyoijua ilikuwa ya masimulizi ya wazazi, nayo ilisimama mwaka 1959. Waliikuta nyingine. Msomaji anayefahamu tukio hili hahitaji kuelezwa maana ya kusafiri kwa wakati.

Haldeman: saa bila kitu

The Forever War, yaani Vita vya Milele, iliandikwa na mtu aliyepigana na kujeruhiwa Vietnam. Mhusika wake mkuu, William Mandella, anaandikishwa kupigana na viumbe wanaoitwa Watauri. Kwa kuwa vyombo vyao husafiri kwa kasi inayokaribia ile ya mwanga, miaka michache ya utumishi wake huwa miongo, kisha karne, duniani. Anaporudi mara ya kwanza anakuta jamii asiyoitambua, mama yake amezeeka, naye anaishia kurejea jeshini kwa sababu nyumbani hakukaliki. Vita vinapokwisha baada ya zaidi ya miaka elfu moja, inabainika kwamba vilianza kwa tuhuma isiyo ya kweli.

Ubora wa riwaya hii ni kwamba inaufanya upotevu wa wakati kuwa gharama ya vita, si pambo la msuko. Udhaifu wake, ukiisoma ukiwa Nakivale, ni kwamba saa yake ni sahihi mno. Mandella daima anajua ni miaka mingapi imempita, na fizikia inamweleza kwa nini. Mshahara wake unalimbikizwa benki. Amepotea, lakini rekodi zake hazikupotea. Isitoshe, kinachopiganiwa hakina umbo. Hakuna kitu cha kushika mkononi ambacho msomaji angeweza kuuliza kinakwenda wapi na kumnufaisha nani. Riwaya inalaumu uongo ulioanzisha vita, lakini hailifuatilii sana soko lake.

Ndugu wawili wa Kirusi, Arkady na Boris Strugatsky, walilikaribia zaidi swali hilo mwaka 1972 katika riwaya inayojulikana kwa Kiingereza kama Roadside Picnic, yaani Mandari Kando ya Barabara. Humo wageni wameondoka duniani na kuacha vitu vya ajabu. Maskini wanahatarisha maisha kuvitoa katika eneo lililokatazwa, wakiwauzia watu ambao nao hawajui kwa hakika viliundwa kwa kazi gani. Dhana moja inayotolewa ndani ya riwaya ni kwamba huenda vitu hivyo ni takataka za wasafiri waliopumzika njiani.

Hapa Nakivale inakutana na Masisi. Koltani huonekana kama mawe meusi mazito. Madini ya tantali yatokanayo nayo huingia katika vijenzi vidogo vya simu na kompyuta zinazoundwa mbali kabisa na machimbo. Mwaka 2024 waasi wa M23 waliuteka mji wa Rubaya, wenye machimbo makubwa ya koltani. Mpiganaji wa mlimani na mchimbaji aliyefukuzwa wanajua bei ya mzigo, lakini matumizi yake ya mwisho yamefichwa nyuma ya mipaka mingi. Kwao kitu hiki ni kigeni ingawa kimetoka katika ardhi yao. Huu ndio ugeuzaji ambao bunilizi za kisayansi za Kiswahili zinaweza kuufanya kuliko zile za kwingineko: mgeni hakushuka kutoka angani, bali kitu chetu kimefanywa kigeni.

Hussein na Mkangi: nani anakielekeza chombo?

Kinjekitile haihesabiwi kuwa bunilizi ya kisayansi, wala hatudai iitwe hivyo. Lakini inalikabili swali letu moja kwa moja. Kinjekitile anatoka mtoni Rufiji na maji yanayoaminiwa kuzigeuza risasi za Wajerumani. Maji yanawaunganisha watu waliokuwa wametengana, kisha maana yake inamponyoka hata aliyeyaleta. Anagundua kwamba ahadi aliyopewa inawataka watu wake wabadilishe bwana mmoja kwa mwingine, yaani wawe watoto wa Seyyid Said. Wapiganaji hawangoji. Mwishoni anatakiwa akiri kwamba maji yalikuwa uongo, naye anakataa, kwa kuwa neno limekwisha kuwa kubwa kuliko msemaji wake. Hussein anatuonyesha kitu kisichojulikana kikitenda mambo mawili kwa pamoja: kinaua na kinaunganisha. Mhakiki anayetaka kuchagua moja anaisaliti tamthilia.

Katama Mkangi aliandika Walenisi baada ya kuonja kizuizi cha kisiasa nchini Kenya miaka ya 1980. Dzombo si askari, ni mhukumiwa. Adhabu yake ni kurushwa angani ndani ya chombo kilichokusudiwa kumwangamiza. Badala ya kufa, anajifunza kukiendesha, akafika Walenisi, jamii ya usawa ambayo jina lake linafumbuka kuwa wale ni sisi. Katika kazi zote tulizozitaja, hili ndilo tendo la kijasiri zaidi. Chombo cha kuulia kinageuka chombo cha kujua, si kwa muujiza bali kwa mtu kukaa mbele ya vidude asivyovijua na kuvisoma kimoja kimoja.

Lakini riwaya inachechemea pale Dzombo anapotua. Jamii kamilifu iko tayari, na wenyeji wana majibu ya maswali yake. Mkangi, aliyekuwa mwanasosholojia, anamwachia mhadhiri nafasi ya msimulizi. Msomaji wa Nakivale atauliza maswali ambayo riwaya haiyapi uzito. Nani alimsajili Dzombo? Alisubiri muda gani kabla ya kuaminiwa? Nani alitilia shaka kisa chake? Mgeni anayepokelewa bila foleni ni ndoto tamu, lakini foleni ndiyo mahali ambapo kauli kwamba wale ni sisi hujaribiwa. Kuliruka jaribio hilo ni kuipunguzia riwaya ukweli wake wenyewe.

Maana yake kwa sera ya lugha

Mwaka 2005 katiba ya Uganda ilirekebishwa na Kiswahili kikawa lugha rasmi ya pili. Julai 2022 Baraza la Mawaziri liliidhinisha ufundishaji wake wa lazima katika shule za msingi na sekondari. Mwaka huo huo Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ilijiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki, na Somalia ikafuata mwaka 2024. Kwa hiyo, sehemu kubwa ya wakazi wa Nakivale ni raia wa nchi wanachama, na Wakongo wengi miongoni mwao wanakiongea Kiswahili kila siku sokoni, kanisani na zahanati.

Hata hivyo, lugha haiingii darasani ikiwa mikono mitupu. Inaingia na askari wake wa miaka ya 1970. Kumficha mwanajeshi huyo chini ya mazoezi ya ngeli na upatanisho wa kisarufi hakutamwondoa. Tunapendekeza mambo mawili. Kwanza, orodha za vitabu vya fasihi kwa shule za sekondari zijumuishe kazi zinazolikabili suala la silaha, wakati na ugeni waziwazi, Kinjekitile na Walenisi zikiwa mwanzo. Pili, Kiswahili cha Kongo kinachozungumzwa Nakivale kisichukuliwe kuwa kosa la kusahihishwa kabla msemaji hajamaliza sentensi. Uganda inahitaji walimu, na kilomita 60 kutoka Mbarara wapo wasemaji ambao wakipewa mafunzo na vyeti wanaweza kusaidia.

Hitimisho

Tumeonyesha kwamba askari aliyeachwa na wakati na kitu kisichojulikana ni taswira moja yenye pande mbili. Haldeman anaujua upande wa kwanza, ndugu Strugatsky wa pili, na Hussein anaonyesha jinsi kitu kinavyoweza kumshinda hata mwenye kukileta. Mkangi anatoa jibu lililo bora, kisha analimaliza mapema mno. Riwaya ya Kiswahili inayongojewa ni ile itakayomweka Dzombo kwenye foleni ya usajili, chombo chake kikiwa nje ya uzio, na watu watatu wenye silaha wakibishana kuhusu bei yake. Mwandishi wake huenda tayari anaishi Rubondo au Juru. Sera nzuri ya lugha ni ile itakayomfanya aandike kwa Kiswahili chake bila kuona haya, na itakayomwezesha mwanafunzi wa Mbarara kumsoma bila hofu.