Cessna ya Mtumba kwa Njia ya Ngara

Kutoka Uwanja wa Ndege wa Mwanza hadi Ngara ni kama kilomita 250 kwa mstari ulionyooka. Biharamulo iko kwenye njia hiyohiyo, ukishamaliza kilomita 180 hivi. Cessna 206 inakwenda kilomita 240 kwa saa bila kulazimishwa, na injini yake inakunywa lita 57 hivi za petroli ya ndege kwa saa. Mtu anayetaka kununua ndege ndogo iliyotumika kwa ajili ya wilaya hizi mbili aanze na namba hizo, kabla hajatazama picha za rangi, viti vya ngozi au bei. Ngara hakuna pampu ya petroli ya ndege, na Biharamulo hakuna. Lita za kurudi nazo unazibeba toka unapoondoka.

Hesabu yenyewe si ngumu. Kwenda na kurudi ni kama kilomita 500, yaani saa mbili na dakika chache, karibu lita 120. Ongeza lita 20 za kuwasha, kutembea uwanjani na kupanda mara mbili. Ongeza akiba ya saa nzima. Sheria inadai pungufu ya hapo kwa safari ya mchana, lakini mvua ikifunga Mwanza utahitaji mahali pengine pa kwenda. Jumla ni lita 200, na kwa kuwa lita moja ya petroli hii ina uzito wa kilo 0.72, umebeba kilo 144 kabla hajapanda mtu.

Safari ninayoifikiria ni ya mgonjwa. Ngara ina hospitali ya Murgwanza, ya Kanisa Anglikana, na ile ya Kikatoliki ya Rulenge. Mgonjwa anayezishinda hospitali hizo hupelekwa Bugando, Mwanza. Zamani ndege ilikuwa na hoja nzito, kwa sababu gari lililotoka Biharamulo na Geita lingeweza kukwama likingoja kivuko cha Busisi. Daraja la Kigongo–Busisi, lenye urefu wa kilomita 3 na ushee, lilifunguliwa mwaka 2025, na limebadili hesabu hiyo. Anayeishawishi dayosisi, shirika au familia itoe fedha kwa ajili ya ndege aseme wazi kwamba ndege sasa inashindana na lami na daraja, si na kivuko. Bado inashinda kwa mgonjwa anayevuja damu ndani, au mtoto mchanga aliyezaliwa kabla ya siku. Kwa mgonjwa wa goti haishindi.

Kwa nini 206, wala si 182 iliyo rahisi zaidi kununua na kutunza? Cessna 182 ina injini ya nguvu za farasi 230, na uzito wa juu wa matoleo yake kadhaa ya zamani wakati wa kuruka ni kilo 1,338. Ukiijaza mafuta ya safari hii, inabeba rubani na watu watatu na vifurushi vyao. Kwa daktari anayezunguka zahanati, au mfanyabiashara mwenye shughuli Biharamulo, inatosha kabisa. Tena matoleo yake ya zamani yenye injini ya O-470 ya mgandamizo mdogo yaliwahi kupewa hati Marekani ya kutumia petroli ya gari, jambo lenye thamani kubwa mahali pasipo na petroli ya ndege. Hati hiyo lazima ikubaliwe na Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania, TCAA, na petroli yenyewe isiwe na ethanoli. Injini ya 206 ya zamani, IO-520 ya farasi 300, haina nafasi hiyo: mgandamizo wake ni mkubwa, na petroli dhaifu itaipasua.

Lakini machela haiingii vizuri kwenye 182. Cessna 206 ya aina ya U ina mlango wa mizigo wa mabawa mawili ubavuni kulia. Ukitoa viti, mgonjwa anaingia amelala. Ndiyo maana ndege hii imedumu katika kazi za tiba na misheni Afrika Mashariki, ingawa kiwanda kiliacha kuitengeneza mwaka 1986 na kuianza upya 1998. Mlango huo una ila ambayo mnunuzi ni lazima aijue. Flapu zikiteremshwa nyuzi 20 au zaidi, bawa la mbele la mlango hugonga flapu na halifunguki sawasawa. Watu wamewahi kufa maji katika nchi nyingine kwa sababu hiyo, ndege ikiwa imepinduka majini na flapu ziko chini. Kwa rubani anayepita juu ya ghuba za Ziwa Victoria, jambo hilo ni la kuambiwa kila abiria kabla ya injini kuwaka: kipini kiko wapi, na bawa lipi linatangulia kufunguliwa. Majaketi ya kuokolea maisha yavaliwe kiunoni. Yakiwekwa chini ya kiti hayatafikiwa.

Kanuni ya kuchagua ndege kwa kazi yake ni ya siku nyingi nchini mwetu. Mtaalamu wa wanyama Bernhard Grzimek na mwanawe Michael, walipotaka kuhesabu wanyama wa Serengeti mwishoni mwa miaka ya 1950, hawakutafuta ndege ya mwendo. Walichukua Dornier Do 27, yenye uwezo wa kwenda polepole sana na kutua mahali pafupi, wakaipaka milia ya punda milia, wakaileta kwa kuirusha kutoka Ujerumani. Ilifaa mno kwa kazi ile. Januari 1959 iligongana na tai, ikaanguka, na Michael akafa. Ndege sahihi haimwondolei rubani hatari za njia yake.

Sasa ukaguzi kabla ya kulipa, ambapo fedha nyingi hupotea. Fundi anayekagua awe wako, alipwe nawe, na asiwe na uhusiano na muuzaji. Aanze na makaratasi. Kuna daftari la ndege, la injini na la propela. Likikosekana moja, bei ishuke sana au uondoke. IO-520 inatazamiwa kufanyiwa matengenezo makubwa kila saa 1,700 au miaka 12. Muuzaji atakutajia saa tu. Injini yenye saa 400 tangu ifunguliwe, iliyokaa miaka minane kwenye banda la pwani, inanitia hofu kuliko yenye saa 1,100 inayoruka kila wiki, kwa sababu isiporuka mafuta hutiririka chini, na kamshafti na kuta za silinda huanza kuliwa na kutu. Fundi apime mgandamizo wa kila silinda, aingize kamera ndani, akate kichujio cha oili atafute chembe za chuma.

Halafu alale chini ya pua. 206 ni nzito mbele, na rubani asiyeinua pua wakati wa kutua huigonga chini kwa gurudumu la mbele. Alama hubaki kwenye bati linalotenga injini na chumba cha watu: mikunjo, ribiti zilizolegea, rangi mpya mahali pamoja tu. Ndege za shule na za viwanja vibovu huwa nayo mara nyingi. Mabawani, matoleo mengi ya zamani yana matangi ya mpira. Mpira ukikunjamana, maji hujificha kwenye mikunjo. Unachota sampuli asubuhi, inaonekana safi, kisha pua ikiinuka baada ya kuruka maji yanamwagika kuelekea injini. Mamlaka ya Marekani ilitoa agizo juu ya jambo hilo tangu 1984, na daftari lionyeshe kwamba limetekelezwa. Kwa Kagera yenye mvua nyingi, na kwa mtu anayefikiria kuweka mapipa ya petroli, mimi sinunui ndege yenye tangi lililokunjamana, hata kwa punguzo. Cessna pia ilitoa mwongozo wa ukaguzi wa ziada kwa ndege zake zilizozeeka, unaotafuta kutu na nyufa mahali ambapo ukaguzi wa kila mwaka haufiki. Ndege ambayo haijawahi kupitia kazi hiyo ina bili inayokungoja.

Kuileta ni ama irushwe, ama ipakiwe. Kutoka Marekani kuirusha maana yake ni matangi ya ziada ndani ya chumba na rubani mmoja juu ya Atlantiki na injini moja. Wapo wanaofanya kazi hiyo kwa malipo. Njia ya pili ni kuvua mabawa, kuiweka kwenye kontena la futi 40, kuishusha bandarini Dar es Salaam na kuiunganisha upya mbele ya fundi mwenye leseni. Kwa ndege ya umri huu napendelea kontena, kwani inapounganishwa unapata kuona sehemu ambazo hazikuonekana kwa miaka. Ifutwe kwenye rejista ya nchi ilikotoka, ipate namba za usajili za Tanzania, 5H, cheti cha ubora wa kuruka, leseni ya redio na bima. Ikisajiliwa kuwa binafsi, haibebi abiria kwa malipo. Hospitali inayotaka kutoza nauli inaingia daraja jingine la vibali na gharama.

Vifaa viwe vichache. Kwanza kipimo cha joto la kila silinda, kwa sababu injini hii huanza kuugua kwenye silinda moja kabla rubani hajasikia chochote. Pili, mtambo wa kuomba msaada wa dharura, wa megahezi 406. Setilaiti ziliacha kusikiliza megahezi 121.5 tangu Februari 1, 2009, na ndege za zamani bado huuzwa na mitambo hiyo isiyosikika. Tatu, mawasiliano. Redio ya kawaida ya ndege husafiri kwa mstari ulionyooka, na ukishuka kati ya vilima vya Ngara hakuna wa kukusikia. Weka redio ya HF au kifaa cha setilaiti kinachotuma mahali ulipo kila dakika chache. Matairi makubwa kwa ajili ya changarawe. Machela iliyoidhinishwa, yenye mikanda yake. Skrini za kisasa zinapendeza, lakini kila kilo ya skrini inatolewa kwa mgonjwa.

Kwenye urefu wa uwanja ndipo ninapoomba msomaji anivumilie. Kitabu cha U206G kinasema kwamba kwenye usawa wa bahari, kwa uzito kamili wa kilo 1,633, ndege hukimbia mita 274 na kuvuka kizuizi cha mita 15 ikiwa imekwenda mita 543. Ngara iko juu ya mita 1,500. Chukua futi 5,000 na joto la nyuzi 28 saa nane mchana: hewa inakuwa nyepesi kana kwamba uko karibu futi 7,800, na injini isiyo na turbo imepoteza zaidi ya sehemu moja kwa tano ya nguvu zake. Mita 543 zinakuwa kama 1,090. Zidisha kwa 1.33, kipimo cha tahadhari kinachopendekezwa na mamlaka ya anga ya Uingereza kwa ndege ndogo, unafika karibu mita 1,450. Nyasi na mteremko bado hujavihesabu.

Lakini ndege ya mgonjwa haiondoki Ngara na uzito kamili. Imeshachoma mafuta ya kwenda, imebaki na lita 130. Weka rubani, muuguzi, mgonjwa, ndugu mmoja na vifaa, uzito unakuwa kama kilo 1,400, asilimia 14 chini ya kikomo. Umbali wa kuruka hupungua haraka kuliko uzito: zile mita 1,090 zinashuka hadi 800 hivi, na pamoja na tahadhari ni 1,070. Hapo ndipo hoja ya kubeba mafuta yote kutoka Mwanza inapojilipa, na ndipo ninapokataa pipa la petroli Ngara. Pipa linamshawishi rubani ajaze tangi na kuongeza ndugu wawili. Turbo ingerudisha nguvu zilizopotea, ila inaongeza joto, sehemu za kuharibika, na gharama. Kwa safari hii ningepunguza mzigo.

Hali ya hewa ya magharibi ya ziwa ina tabia yake. Marubani wa Afrika Mashariki hufundishwa kuruka asubuhi, na kwa Ngara na Biharamulo, mbali kidogo na maji, ushauri huo unafaa: mawingu makubwa hujengeka alasiri juu ya nchi kavu, na asubuhi cha kuangalia ni ukungu wa mabondeni. Ufukweni ni kinyume. Usiku radi hujikusanya juu ya ziwa, na upepo wa mashariki huzisukuma hadi Bukoba kunapokucha. Ndege ya Precision Air, ATR 42, ilianguka ziwani karibu na uwanja wa Bukoba asubuhi ya Novemba 6, 2022, katika mvua kubwa, na watu 19 kati ya 43 walifariki. Rubani wa Ngara asiifanye Bukoba kuwa uwanja wake wa akiba wa asubuhi. Aende Mwanza au arudi Biharamulo. Magharibi ya Ngara, Burundi na Rwanda ziko dakika chache tu, kwa hiyo kukwepa wingu kuelekea huko kunaweza kukuvusha mpaka bila kibali.

Kuna jambo la mwisho ambalo wanunuzi hulisahau, nalo ni mafundi. Kila saa 50 oili, kila saa 100 ukaguzi. Kutoka Ngara hadi Arusha, au hadi Wilson, Nairobi, ni karibu kilomita 700, saa tatu kwenda na tatu kurudi. Katika kila saa 100 za ndege, karibu 6 zinakwisha njiani kumfuata fundi. Ndege ilale Mwanza, karibu na banda, na kazi ya oili ifanyike hapo kwa fundi anayeletwa. Ikipigwa simu kutoka Murgwanza saa mbili asubuhi, kabla ya saa nne ndege iko uwanjani Ngara. Ikipigwa saa nne usiku, gari liondoke hapohapo: viwanja vya wilayani havina taa, na injini moja usiku juu ya vilima vile haimfai mgonjwa wala rubani.