Nyimbo za Wafungwa na Namna ya Kuziimba

Twaulizwa kama yafaa kwaya ya walimu kuimba nyimbo zilizotungwa na watu waliofungwa kambini, ili wakumbukwe. Swali hili limetugusa sisi wa Tunduma, kwani juzi kundi la walimu liliimba mbele ya wageni wimbo mmoja wa wafungwa wa Kenya, waliougeuza wenyewe kwa Kiswahili. Waliuimba kwa haraka, kwa kinanda cha umeme na makofi, hata wageni wakainuka kucheza. Sauti zilikuwa nzuri. Wimbo wenyewe hatukuusikia.

Yafaa kuitazama asili yake. Serikali ya Waingereza ilipotangaza hali ya hatari katika Kenya, tarehe 20 Oktoba 1952, maelfu ya watu, wengi wao Wakikuyu, walitiwa kambini pasipo hukumu: Manyani, Mackinnon Road, Hola, na wanawake wengi huko Kamiti. Humo waliimba, na nyimbo nyingi za vita ile zilifuata tuni za kanisani, ambazo watu walizijua tangu shuleni. Mzungu aliyepita, asiyejua Kikikuyu, aliweza kudhani kwamba ni ibada. Ndugu mmoja atuambia ya kuwa huko ni kuzitia tenzi unajisi. Hatukubaliani naye. Tuni iliyofundishwa na misioni ilikwisha kuwa mali yake aliyefundishwa, naye alipovuliwa vyote alibaki nayo.

Walimu wetu waliiona tuni hiyo kuwa ya kizee, wakaibadili. Hapo ndipo walipokosa, maana nguvu ya wimbo imo katika kukutana kwa sauti ya Jumapili na maneno ya mtu aliye nyuma ya seng'enge. Huko Hola, tarehe 3 Machi 1959, wafungwa 11 walipigwa hata kufa, na wakubwa wakasema kwanza kwamba waliuawa na maji waliyokunywa. Je, wimbo wa watu kama hao waimbwa kwa makofi?

Viktor Ullmann, Myahudi aliyefungwa Theresienstadt na kuuawa Auschwitz mwaka 1944, aliacha opera yake, Der Kaiser von Atlantis, imeandikwa kwa nota. Ikachezwa mara ya kwanza Amsterdam mwaka 1975. Nota zamshika mpigaji mkono. Bali nyimbo za Kenya zilikaa zaidi vifuani mwa watu, na ingawa Gakaara wa Wanjau aliandika habari za kifungo chake, zilizochapishwa mwaka 1983, maandishi hayamfundishi mwimbaji mahali pa kupumua. Hana budi kuwatafuta wazee.

Wiki iliyofuata walimu wale waliurudia wimbo jioni, pasipo kinanda, polepole, kwa tuni yake ya kwanza. Bibi mmoja aliyeketi mlangoni aliitambua, akaanza kuitikia kwa maneno ya kitabu cha kanisa, na kwa ubeti mzima maneno ya pande mbili yalikwenda pamoja. Hapana aliyemkataza.