Makosa na Mantiki Yake

Mwaka 1970 Chuo Kikuu cha Jiji la New York kilianza kumpokea kila aliyehitimu shule ya sekondari jijini humo. Wengi walioingia City College walipelekwa kwanza katika darasa la uandishi wa Kiingereza, nazo insha zao zilijaa makosa. Mina Shaughnessy, katika Errors and Expectations (1977), alichambua insha zipatazo 4,000 za wanafunzi hao. Ubora wa kitabu ni kukataa kuyahesabu makosa kuwa uvivu au upungufu wa akili. Kosa lina mantiki: aachaye alama ya wakati uliopita huenda anafuata sarufi ya nyumbani kwao.

Hata hivyo, kitabu kinaichukulia maana kama kitu kilichokwisha kukamilika akilini, na lugha kama vazi lake tu. Min-Zhan Lu aliupinga mtazamo huo mwaka 1991: abadiliye lugha hubadili pia nafasi yake kati ya jamaa zake na chuo. Shaughnessy anamfundisha mwalimu kusoma kabla ya kusahihisha. Lu anamtaka aulize kusahihishwa huko kunamgharimu mwanafunzi nini.