Bua la Mahindi: Njia ya Moto na Njia ya Mboji

Bua la mahindi lililokauka lina kaboni kiasi cha asilimia 45 ya uzito wake, nyingi ikiwa imefungwa ndani ya selulosi na lignini. Bua hilo likitiwa chini ya sufuria, kaboni yake hurudi hewani kwa dakika chache. Likipangwa kwenye lundo la mboji, sehemu kubwa ya kaboni hurudi hukohuko kwa muda wa miezi. Mmenyuko mkuu ni uleule: selulosi huungana na oksijeni, ikatoa kaboni dayoksaidi, maji na joto. Kwa kanuni ya kikemia, C6H10O5 + 6O2 → 6CO2 + 5H2O. Tofauti iko kwenye mwendo, na kwenye hatima ya nitrojeni. Hii ya pili ndiyo inayomgusa mkulima wa Trans Nzoia na Bungoma mfukoni.

Motoni, unyevu ndio hutangulia kutoka. Kila kilo ya maji hula takriban megajuli 2.3 za joto ili igeuke mvuke, ndiyo maana kuni mbichi huwa na moshi mwingi na joto haba. Makapi ya miwa yanayochomwa kwenye maboila ya kiwanda cha sukari cha Nzoia, kilichoanzishwa mwaka 1975, yana sheria hiyohiyo: hutoka kwenye vinu yakiwa na maji karibu nusu ya uzito wake, na sehemu ya joto lake huishia kuyakausha yenyewe. Maji yakishatoka, kuanzia nyuzijoto 200 hivi, bua au kuni huanza kuvunjika na kutoa gesi. Mwali unaoonekana ni gesi hizo zikiungua. Umanjano wake ni chembe za masizi zinazong'aa kwa joto. Gesi zikiisha, linabaki kaa.

Kaa huungua juujuu, pale linapogusana na hewa. Oksijeni isipotosha, kaboni huishia nusu ya njia na kuwa kaboni monoksaidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, ambayo hushikamana na himoglobini ya damu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni. Jiko la mkaa halifai kabisa kulazwa ndani ya nyumba iliyofungwa, hata kama baridi ya Julai imeshuka kutoka Mlima Elgon.

Moto ukizimika, karibu nitrojeni yote ya bua imekwisha kwenda na moshi, pamoja na sehemu ya salfa. Kwenye majivu hubaki potasiamu, kalsiamu, magnesiamu na fosforasi. Waluhya wametumia kemia hii jikoni tangu zamani. Maganda makavu ya maharagwe huchomwa, majivu yakatiwa kwenye chombo chenye matundu chini, kisha maji yakamiminwa juu polepole. Kinachodondoka ni maji ya rangi ya kahawia, yanayoteleza kati ya vidole kama sabuni: ndiyo musherekha, ambayo kiini chake ni kaboneti ya potasiamu. Besi hiyo hulegeza pektini inayoshikanisha seli za mboga na maharagwe. Kitale iko karibu mita 1,900 juu ya usawa wa bahari, na maji huchemka huko kwenye nyuzijoto 94 hivi, kwa hiyo maharagwe huchelewa kuiva. Kijiko cha musherekha hufidia upungufu huo.

Kwenye lundo la mboji, kazi ya moto hufanywa na bakteria na kuvu. Chembe hizi hujenga miili yao kwa sehemu takriban 8 za kaboni kwa 1 ya nitrojeni, na huunguza sehemu nyingine 16 hivi ili kupata nguvu. Ndiyo asili ya uwiano wa 25 hadi 30 kwa 1 unaofundishwa kwa wakulima. Mabua pekee yana uwiano unaofika 60 kwa 1 au zaidi, kwa hiyo lundo la mabua matupu hukaa tu bila kupata joto. Samadi ya ng'ombe, yenye takriban 20 kwa 1, ndiyo huliamsha. Titonia, ile yenye maua ya manjano inayoota kando ya barabara magharibi mwa Kenya, ina nitrojeni kama asilimia 3.5 katika majani yake makavu. Kuiacha izeeke kwenye ua ni kupoteza mbolea ya bure.

Manor House Agricultural Centre ya Kitale imekuwa ikifundisha kilimo cha aina hii tangu 1984. Lundo hupangwa kwa tabaka: mabua magumu chini ili hewa ipite, kisha majani makavu, majani mabichi, samadi na udongo kidogo, kila tabaka likinyunyiziwa maji. Fimbo ndefu huchomekwa kwa mshazari hadi katikati. Baada ya siku chache huchomolewa na kushikwa: ikiwa ya moto na yenye unyevu, bakteria wapenda joto wameshika kazi, na lundo liko kwenye nyuzijoto 55 hadi 65, joto linaloua mbegu nyingi za magugu na vimelea vya magonjwa. Ikitoka kavu, maji yaongezwe. Ikinuka kama yai viza, oksijeni imekwisha na lundo ligeuzwe.

Harufu kali ya amonia ni nitrojeni inayotoroka, mara nyingi kwa sababu mabua ni machache mno au majivu yamezidi. Majivu ni besi, na besi hugeuza amoniamu kuwa gesi ya amonia. Yanyunyizwe kiasi tu.

Mabua ya Kitale hupatikana kiangazi kinapoanza, hivyo maji ndiyo kikwazo kikubwa zaidi. Kipimo ni ngumi: konzi ya mboji ikikamuliwa itoe matone machache, isichuruzike. Lundo lililopangwa Desemba, likamwagiliwa na kugeuzwa, huwa tayari kwa upanzi wa mwishoni mwa Machi. Na mboji iliyoiva haipati joto tena hata ikigeuzwa.