Fani ya Fuwele: Kuisoma Upya Oksidi ya Titani

Wanafunzi wa fasihi hufundishwa kwamba fani hubeba maudhui. Katika oksidi ya titani maudhui hayabadiliki: titani moja, oksijeni mbili. Kinachobadilika ni fani, yaani namna atomu zinavyopangana katika fuwele. Rutaili na anatesi ni fani zake mbili.

Kila titani huzungukwa na oksijeni 6, zikiunda umbo la nyuso 8. Katika rutaili, kila umbo hushiriki kingo 2 na majirani zake. Katika anatesi, kingo 4. Tofauti hiyo ndogo yatosha kubadili pengo la nishati, yaani kiasi ambacho mwanga lazima uipe elektroni ili kuirusha: elektronivolti 3.0 kwa rutaili, 3.2 kwa anatesi. Kwa hiyo rutaili hunasa mwanga mwingi zaidi, hadi urefu wa wimbi wa nanomita 413 hivi, ilhali anatesi hukomea karibu 387, ndani ya urujuanimno.

Msomaji wa haraka angeipa rutaili ushindi. Lakini katika kuozesha uchafu kwa mwanga, mara nyingi anatesi ndiyo hutangulia. Elektroni iliyorushwa na mwanga huacha tundu nyuma yake, na viwili hivyo vikirudiana upesi, nishati hupotea kama joto. Rutaili ni kama mtu mwenye mshahara mnono anayeumaliza kabla hajafika nyumbani. Katika anatesi kurudiana huchelewa, hivyo elektroni na matundu mengi zaidi hufika usoni mwa fuwele, kwenye kazi yenyewe.

Hata hivyo, sikubaliani na wanaotoa hukumu kwa jina tu. Wanasayansi Fujishima na Honda, waliotangaza mwaka 1972 kwamba mwanga waweza kupasua maji, walitumia rutaili. Unga maarufu wa P25, wenye anatesi takriban asilimia 80 na rutaili takriban 20, mara nyingi huzishinda zote mbili zikiwa pekee. Siri iko mpakani, elektroni zinapovuka kutoka fuwele moja hadi nyingine. Tena sura za fuwele moja hazifanani, na ukubwa wa chembe nao una neno lake. Anayeandika “anatesi” bila kutaja hayo amesoma jalada, hajasoma kitabu.

Wala ukali wa kuozesha si sifa kila mahali. Viwanda vya rangi za nje huchagua rutaili, kwa sababu anatesi ikipigwa na jua huila gundi ya rangi yenyewe, na ukuta ukaanza kutoa unga mweupe.